Kaka amenipa helmeti iliyomwokoa kwenye ajali. Niivae?

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 24 na leseni ya pikipiki nimeipata juzi juzi tu. Pikipiki yenyewe nimenunua iliyotumika, cc 150, ya kwendea kazini na kurudi. Aliyenifundisha ni kaka yangu, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Miaka ya nyuma kaka alipata ajali. Gari lililokuwa linakuja upande wa pili lilikata kona mbele yake kwenye makutano, akaligonga ubavuni, akarushwa, kichwa kikapiga lami. Alivunjika mkono, basi. Helmeti aliyoivaa siku ile ameitunza kabatini muda wote huu. Nilipopata leseni akanikabidhi mbele ya mama, kaisafisha mpaka inang'aa, akasema, "Hii ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Sasa ni yako." Mama akalia, na mimi nikalia.

Sasa Mjomba, upande wa kulia ina mchubuko mkubwa, upana wa kiganja. Ufa sioni. Inanipwaya kidogo, ila nikizifunga nywele fundo kisogoni inatulia. Nikisema siivai, naona kama namtukana kaka. Nikiivaa, roho haitulii.

La pili ni hela. Baada ya kununua pikipiki nimebakiwa na akiba ndogo. Nimeona jaketi zuri la ngozi, nyeusi, linanikaa vizuri sana, lakini litamaliza karibu pesa yote. Rafiki zangu wanaoendesha wanasema glavu na suruali za pikipiki ni mbwembwe, ni vitu vya watu wa mashindano, na kwamba kwa mwendo wangu wa 50 hivi jaketi linatosha na kuzidi. Halafu kuna joto.

La tatu, shoga yangu anataka nimbebe wikendi ijayo twende mji wa jirani. Nimeshamwambia "tutaona". Nishauri.

Mwenye Helmeti ya Kurithi

* * *

Marahaba mpwa wangu, na hongera kwa leseni.

Helmeti ya kaka usiivae. Nimelitanguliza hili kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Kama kesho una safari na huna helmeti nyingine, pikipiki ibaki nyumbani.

Sababu iko ndani, pale usipoona. Gamba la nje la helmeti kazi yake ni kulisambaza pigo lisitue mahali pamoja, na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Anayeokoa ubongo hasa ni wa pili yake, ile foamu nyeupe ngumu, nyepesi, ya jamii moja na ile inayokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Kichwa kikipiga lami foamu hiyo hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakokipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu kidogo badala ya kusimama ghafla. Ikishapondeka hairudi kama ilivyokuwa. Gamba linaweza kuwa halina ufa hata mmoja, huku nyuma ya huo mchubuko wa upana wa kiganja foamu imebaki nyembamba, imefunikwa na kitambaa safi alichokifua kaka. Helmeti iliyopiga lami na kichwa kikiwa ndani imeshatumika. Ni kwa sababu hiyo hiyo nawakataza watu kununua helmeti za mtumba: hujui zimepitia nini, na muuzaji hatakuambia.

Na hata isingeanguka popote, umesema inakupwaya. Hilo peke yake lingetosha kuikataa. Helmeti inayopwaya hugeuka kichwani wakati wa pigo, au huchomoka kabisa, na fundo la nywele ndilo linaloharibu zaidi: linainyanyua helmeti kwa nyuma, inakaa juu ya kichwa badala ya kukaa kichwani. Unahisi imetulia kwa sababu imeegemea nywele.

Ya kaka sasa. Usimwendee na maelezo ya foamu kwanza, atasikia unakosoa zawadi. Mwendee faraghani, mama asiwepo, umwambie: "Kaka, hii ilishafanya kazi yake kwako, na haiwezi kuifanya mara mbili. Naomba ibaki kwako kama kumbukumbu, na wewe unisindikize kuchagua yangu." Kisha mpe kazi ya kweli huko dukani, nitakueleza kazi gani. Mtu aliyekufundisha kuendesha na aliyewahi kupiga lami kwa kichwa ana la kusema kwenye uchaguzi wa helmeti kuliko muuzaji yeyote. Sidhani kama atanuna. Akinuna, bora anune ukiwa mzima.

Nakusisitizia kichwa kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipo mzito. Uchambuzi mkubwa wa tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali, uliotolewa 2008, ulikuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wala jambo lenyewe si la jana. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu kwenye vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi na akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aligeukia kuchunguza vichwa vya askari wapeleka barua wa pikipiki. Alichapisha aliyoyaona mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake wavae helmeti.

Haya, dukani. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka pale kisogo kilipotokeza zaidi. Nenda na nywele zikiwa katika mtindo utakaoendeshea, zimelala, bila fundo. Helmeti mpya ya saizi yako itakubana mashavu mpaka ukitafuna unajiuma kwa ndani. Ni sawa, sponji za mashavu hulegea kwa matumizi. Isichotakiwa kufanya ni kukufinya paji la uso. Ivae robo saa nzima humo humo dukani, muuzaji akikuna kichwa mwache akune, kisha ivue ujitazame kwenye kioo. Ukiona alama nyekundu imejichora katikati ya paji, umbo la helmeti hiyo na la kichwa chako havipatani, jaribu nyingine.

Hapa ndipo kazi ya kaka inapoingia. Funga mkanda wa kidevu mpaka vidole viwili vipite kwa shida. Kaka asimame nyuma yako, aishike helmeti chini kisogoni, aisukume juu na mbele kama anayetaka kuivua. Ikichomoka, iacheni. Kisha aishike pande zote mbili aizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na ya paji iende pamoja na helmeti. Ikizunguka yenyewe uso ukabaki pale pale, ni kubwa.

Chagua inayofunika uso mzima, na kidevu ndani yake. Zile zilizo wazi mbele zina upepo mzuri, sikatai, lakini ukianguka kifudifudi taya ndiyo inayofika. Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kisha namba ndefu inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 ambalo helmeti ilipimwa kwalo. Toleo la 06 ndilo jipya, na lina vipimo vikali zaidi. Herufi P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa kuwa kinga. Ukiona NP, hicho kidevu ni pambo. Alama ya Marekani ni DOT, huwekwa nyuma, na hiyo ndiyo inayobandikwa ovyo kuliko zote, kwa hiyo stika peke yake isikulaghai: kamata helmeti mkononi, bonyeza foamu kwa ndani. Ukikuta sponji laini tupu badala ya foamu ngumu, hiyo ni kofia tu. Bei kubwa si kipimo. Helmeti ya bei ya kati yenye lebo halali na inayokukaa vizuri inaishinda ya bei mbaya inayopwaya.

Rangi chukua nyeupe, au yoyote inayopiga kelele. Sikuambii kwa sababu ya urembo. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kutolewa 2004 ulikuta waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya ajali za kuumia kwa asilimia 24 kuliko waliovaa nyeusi. Waliovaa nguo za kuakisi mwanga au za rangi kali, asilimia 37. Waliowasha taa mchana, asilimia 27. Taa unayo tayari, na kizibao cha kuakisi ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Sasa kumbuka ajali ya kaka: gari lilikata kona mbele yake. Huo ndio mfano mkongwe kuliko yote. Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alichunguza ajali 900 za pikipiki kule Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Karibu robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na gari, na mara nyingi dereva wa gari alikata njia ya pikipiki kwa sababu hakuiona, au aliiona akiwa amechelewa. Kwenye makutano, basi, usiyatazame macho ya dereva ukaridhika kwamba amekuona. Tazama tairi lake la mbele. Tairi likianza kuzunguka utalijua kabla hujaona gari lenyewe likisogea.

Nakuja kwenye jaketi, na hapa nitakuudhi. Umelipenda kwa sababu linakukaa vizuri kwenye kioo, na mimi sina ugomvi na kupendeza. Lakini jaketi la ngozi la mitindo lina ngozi laini nyembamba, mshono wa mstari mmoja, na mabegani hamna kitu. Likiburuzika kwenye lami linafumuka kwenye mishono kwanza. La pikipiki lina kinga ndani, vipande vigumu mabegani na kwenye viwiko, na lebo yenye namba ya kanuni ya Ulaya, EN 17092, na herufi: AAA ndiyo imara kuliko zote, kisha AA, kisha A. B hustahimili msuguano kama A ila haina kinga ndani, na C ni kinga tupu bila nguo ya kuburuzikia. Kwa matumizi yako AA ingenifurahisha, A ningeikubali. Kinga zenyewe zina namba EN 1621, daraja la 1 au la 2, na la 2 ndilo linalopitisha nguvu kidogo zaidi mwilini.

Hata hivyo, kwa akiba yako jaketi lisiwe la pili baada ya helmeti. Anza na glavu na viatu. Mtu akianguka hutanguliza viganja bila kufikiri, hakuna aliyefundishwa na hakuna anayeweza kujizuia, na kiganja kilichochunika kwenye kokoto ni wiki nyingi za kulishwa na kuogeshwa na mtu mwingine. Glavu nzuri ina kipande kigumu au ngozi ya pili pale chini ya kiganja, na mkanda wa kufunga kifundo cha mkono. Ifunge, kisha jaribu kuivuta itoke. Ikitoka, haitakuwa mkononi wakati unaihitaji.

Rafiki zako wanaosema ni mbwembwe waambie hivi. Mwaka 2011 watafiti wa Australia, Liz de Rome na wenzake, walichapisha uchunguzi wa waendesha pikipiki 212 waliopata ajali. Waliokuwa na glavu za pikipiki, uwezekano wao wa kulazwa hospitali ulikuwa chini ya nusu ya wasiokuwa nazo. Suruali za pikipiki, karibu nusu. Jaketi, punguzo la kama asilimia 21. Bila shaka mtu anayevaa glavu huenda ni mwangalifu kwa mengine pia, kwa hiyo tusizipe glavu sifa zote. Lakini mpangilio wa namba hizo unachekesha, kwa sababu kwenye uchunguzi huo huo wengi walivaa jaketi na theluthi moja tu ndio waliovaa suruali. Watu hununua kinachoonekana. Tena, zaidi ya robo ya jaketi na suruali, na karibu robo ya glavu, ziliharibika kiasi cha kushindwa kazi kwenye ajali, na ndiyo maana nakusumbua na lebo. Na kinga za mwilini hazikuonekana kuzuia mifupa kuvunjika. Zinaokoa ngozi na nyama, ambavyo navyo ni vyako.

Kwa viatu nina habari njema. Kwenye uchunguzi huo, hata buti za kawaida zisizo za pikipiki zilipunguza majeraha kuliko raba. Kwa hiyo kama una buti za kazi za ngozi zinazofunika kifundo cha mguu, anza nazo, hela ibaki. Kamba zake zichomeke ndani kabisa: kamba iliyoning'inia hujinasa kwenye pedali ya gia, ukisimama kwenye taa na kutaka kushusha mguu, mguu hautoki, na unaanguka kama gunia mbele za watu.

Suruali ifuate, kisha jaketi, hela ikipatikana. Jinzi ya kawaida haihesabiki. Kwenye mashine za kupimia msuguano hutoboka chini ya sekunde moja. Kwa joto, tafuta jaketi la kitambaa cha wavu chenye kinga ndani. Ukishakuwa kwenye mwendo upepo unapita, na kwenye foleni utatoka jasho, sitakudanganya.

Huo "mwendo wa 50 tu" nao usikubembeleze. Kugonga kitu kilichosimama ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Kwa kasi hiyo unapita karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde hiyo ya kwanza ndiyo unayoitumia kushtuka, kabla breki haijaguswa. Ripoti ya Hurt ilionyesha waendeshaji waliobanwa ghafla walikanyaga sana breki ya nyuma na kuisahau ya mbele, wakati ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Tafuta uwanja mtupu wenye lami kavu ufanye mazoezi: breki ya mbele unaikamua, unaanza taratibu na kuongeza jinsi uzito unavyolalia tairi la mbele, huikwapui. Anza kwenye mwendo wa 20, ukizoea panda. Asilimia 92 ya waendeshaji wa ripoti ile walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki, kama wewe. Kaka amekupa mwanzo mzuri. Ukipata kozi ya mwalimu wa pikipiki, itangulize hata kabla ya jaketi.

La shoga yako: wikendi ijayo hapana. Abiria hubadilisha pikipiki yote. Uzito unahamia nyuma na juu, umbali wa kusimama unaongezeka, usukani unakuwa mwepesi, taa ya mbele inatazama juu, na kuondoka kwenye mlima ambako jana ulikuweza leo kunakuzimia. Wewe bado unafikiria klachi. Mpaka siku utakapogundua umefika kazini bila kuwazia gia hata mara moja, endesha peke yako.

Siku hiyo ikifika, anza naye njia fupi unayoijua, mchana, lami kavu. Jaza upepo wa matairi kwa kipimo cha watu wawili, kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye stika karibu na mnyororo. Mwambie miguu ikae kwenye vikanyagio hata mkisimama, akushike kiunoni, na kwenye kona alale upande ule unaolala wewe, asijitie kusaidia kwa kuegemea upande wa pili. Helmeti awe na yake, aliyopimiwa yeye kwa namna ile ile. Najua utashawishika kumpa ile ya kaka kwa kuwa ipo tu kabatini. Usithubutu.

Na hilo "tutaona" lifute leo leo, mwambie wazi kwamba bado hujawa tayari kubeba mtu. Akikasirika, apande basi, mkutane huko huko.

Mjomba